Dada Sabuni Alipopiga Magoti

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, nanyi nyote mliokuja bila kuitwa kwa kuwa msiba hauna kadi ya mwaliko, poleni na asanteni. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii si kwa sababu nina elimu kuliko ndugu zangu, bali kwa sababu marehemu mwenyewe alisema sina kifua, siri kwangu hailali, na safari hii alitaka mtu wa namna hiyo hiyo. Aliniita kitandani kwake mwezi wa Juni, akaniagiza nisisome kwamba aliugua kisha nikapita haraka kama tunavyofanya siku zote, bali nitaje alichougua ujanani, nikitaje kwa sauti, wanaume wakiwepo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alisema hataki kuumbuliwa na kifo, ataanza yeye. Basi nimetii, na atakayeona haya na atazame chini kidogo, nitamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na mama alikuwa akisema kwamba alilia wakati treni ya alfajiri inapiga honi, mkunga akashindwa kujua amsikilize nani. Alibatizwa tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akiwa hodari wa kuimba na mzito wa hesabu, kisha akabaki nyumbani kumsaidia mama na kutulea sisi wadogo, na mimi alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini, na hayo ni maneno ya mama, mimi sikumbuki.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na fundi seremala, kijana mpole, ila upole wa kusukumwa na kila mwenye sauti. Mwezi wa Februari 1977 alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na kwa kuwa mama mkwe wake aliamini mwanamke imara hujifungulia nyumbani, alikaa na uchungu huo siku tatu, na alipofikishwa hospitali mtoto, ambaye alikuwa wa kiume, alikuwa amekwisha kufariki. Ndipo ninapotakiwa kutaja. Dada yangu alipata fistula, yaani tundu katika kibofu kutokana na uchungu uliopitiliza, mkojo ukawa unamtoka wenyewe, usiku na mchana, akiwa amelala au amesimama, na ikawa hivyo kwa miaka kumi na sita.

Yule fundi alijitahidi kwa kadiri yake, alibadilisha godoro mara mbili, lakini ndugu zake walipoanza kuziba pua sebuleni alichoka, na mwaka 1978 alimrudisha dada kwetu, akashusha sanduku lake mlangoni na kuondoka bila kuingia ndani. Tunasema haya bila chuki. Mama alimpokea, akamkatia vitambaa kutoka mashuka ya zamani, akamwonya asimwambie mtu, hata sisi, na mimi niliyekuwa nikilala chumba cha pili nilidhani dada anapenda tu kufua.

Tarehe 1 Aprili 1981 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni, na alikichagua kwa akili, kwa sababu mle sakafu ililowa tangu asubuhi, mvuke wa mapipa ya kuchemshia mashuka ulijaa mpaka darini, kila aproni ilikuwa chapachapa, na harufu ya sabuni ilifunika kila harufu nyingine. Wenzake wakamwita Dada Sabuni, wakidhani ni usafi tu. Alifua mashuka ya chumba cha upasuaji, alipiga pasi makoti ya kijani ya daktari ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutibu ugonjwa huohuo, na alijua jinsi kitambi cha daktari huyo kinavyokua mwaka hadi mwaka kwa kutazama mikunjo ya koti, lakini hakufungua mdomo, kwa kuwa aliamini kwamba katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyeharibika hivyo, na kwamba Mungu alikuwa na sababu zake za kumwadhibu.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, aliimba akiwa kulekule, akatoka kabla ya baraka. Kwenye Meza ya Bwana hakwenda, maana mnajua kwetu tunapokea tukiwa tumepiga magoti mbele, kwenye mito myekundu, naye aliogopa mto utasema yale ambayo mdomo haukusema. Watu hawakosi la kusema, wakakata shauri kwamba anatembea na mume wa mtu. Mwaka 1988 mzee wa kanisa mmoja, mkuu wa stesheni mstaafu, mtu aliyenyooka kama reli zake, alimwita ofisini akamuuliza ni dhambi gani inayomzuia, dada akanyamaza, na mzee akahesabu ukimya huo kuwa ndilo jibu. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakujitetea, akasema kuitwa malaya kulimuuma, lakini kujulikana kungemuua.

Mwezi wa Mei 1992 aliajiriwa mama kijana wa kupiga pasi, ambaye alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, na dada alimtambua siku ya kwanza tu kwa mwendo, ule mwendo wa kubana mapaja na kugeuka taratibu. Baada ya muda alimkuta nyuma ya pipa la mashuka analia, anakunja aproni yake, anataka kuacha kazi kabla watu hawajajua. Dada alisimama pale akiwa na mikono ndani ya karai la maji ya kusuuza, akaomba, na hakuomba kuponywa, maana ombi hilo alikwisha kuliacha zamani, aliomba tu Bwana ampe ujasiri wa maneno mawili. Alipofungua macho akasema, "Hata mimi." Yule binti hakuamini, akamjibu, "Dada, usinidanganye kwa kunihurumia," basi ikabidi dada amwonyeshe kitambaa chake. Walilia, kisha wakacheka, kisha wakaenda kwa daktari hivyohivyo na aproni zao, na daktari alipomwona mfuaji wake wa miaka kumi na moja amesimama kwenye foleni ya wagonjwa alivua miwani, akakaa chini.

Binti yule alipona kwa upasuaji wa kwanza. Wa dada, uliofanyika mwezi wa Julai, haukufaulu, kwa kuwa kidonda kilikuwa cha zamani, akaambiwa asubiri. Sisi tulidhani sasa atajifungia kabisa, maana siri imetoka na dawa haijapatikana. Lakini Jumapili ya tarehe 4 Oktoba 1992, walipoitwa watu mezani, dada aliinuka kutoka benchi la mwisho, akatembea katikati ya kanisa akiwa bado mgonjwa, akapiga magoti, akapokea mkate na kikombe. Alinieleza kwamba Bwana alimkuta kwenye karai akiwa amelowa na hakumfukuza, hivyo hakuona sababu ya kungoja akauke ndipo amwendee. Alipoinuka, mto ulikuwa umelowa, na kanisa zima liliona. Aliyefuata kwenye mstari alikuwa yule mkuu wa stesheni, ndani ya suti yake ya kijivu, na nafasi nyingine zilikuwepo kulia na kushoto. Mzee aliutazama mto ule, akapiga magoti hapohapo, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na akarudi kwake akiwa na magoti mabichi, hakujifuta. Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari za mume wa mtu.

Upasuaji wa pili, mwezi wa Machi 1993, ulifaulu, na asubuhi ya kwanza aliyoamka nyumbani akiwa mkavu alimwita jirani aje ashike godoro awe shahidi. Kuanzia hapo akawa mtu wa kutafuta wenzake, alienda nyumba kwa nyumba aliposikia kuna mwanamke asiyeonekana kanisani wala kisimani, akawaleta kwa daktari kwa mkono wake, na hakutuambia majina yao, hata mimi nilipombembeleza.

Tarehe 20 Aprili 1996 alifunga ndoa na mlinzi wa lango la hospitali, mjane mwenye watoto wawili, ambaye dada alimweleza kila kitu kabla ya posa, naye shemeji akajibu kwamba mlinzi huona mengi yakiingia na kutoka, hilo halimtishi. Watoto hao aliwalea kama wake, mkubwa ni mwalimu, mdogo ni dereva. Alistaafu mwaka 2012.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, na hata hapo alitutania kwamba baada ya miaka yote maji yameamua kubaki ndani. Alilazwa tarehe 9 Agosti 2024, akafariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 22, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano, na ametuagiza tumhesabu pia yule wa 1977, aliyemtangulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani kwa maji, mabenchi na usiku mliokesha nasi, na wenzake wa chumba cha kufulia waliofua na kupiga pasi kitambaa hiki kilicho juu ya jeneza. Yule mama wa pasi wa mwaka 1992, ambaye leo ndiye msimamizi wa kufulia, tulimwomba aseme neno, akatuomba asiseme, asimame tu. Amesimama.

Naona na wengine wanasimama. Hawa hawamo kwenye karatasi yangu. Yule wa kwaya, yule pale mwenye mtoto, na mama mchungaji, Bwana asifiwe, mama, sikujua. Na huyu wa benchi la familia ni binti yangu, aliyerudi kwangu tangu alipojifungua, akijifungia chumbani, nasi tukadhani kagombana na mumewe. Mwanangu, usikae. Mimi baba yako nakuja kusimama nawe, na kesho asubuhi tunakwenda wote kwa daktari.

Dada, nimesoma ulivyoagiza. Pumzika kwa amani.