Kuta za Mama Mkwe

Kwenye basi la asubuhi, fundi mwashi alikuwa akimlalamikia fundi cherehani aliyeketi naye, mama ambaye hajawahi kumwona maishani. Mimi nyuma yao nilijifanya nasoma gazeti.

“Dada, nimemjengea mama mkwe kuta za matofali ya udongo, nene mkono mzima. Mchana zinameza joto, usiku unafungua madirisha, zinapoa. Feni ya nini? Sasa kila siku simu: ‘Mkwe, umenijengea tanuri!’ Jana nikaenda. Lo! Kuta zote kazivika mapazia mazito yaliyojazwa pamba. Eti ziko uchi, wageni watamcheka. Ukuta umevaa sweta, utameza joto kwa mdomo gani?”

Mama akakivuta kifurushi chake karibu na kifua. “Yana maua ya zambarau?”

“Umejuaje?”

“Na ule mshono, fundi, hukuuona ulivyonyooka?”

Fundi akakikodolea macho kile kifurushi. Gazeti langu, nikagundua, nimelishika juu chini.

Basi likasimama, wote wawili wakainuka.

“Na wewe unashukia hapa?” akauliza fundi.

Mama akachomoa futi yake ya kupimia. “Naenda kupima dari. Mama mkwe wako anasema nayo iko uchi.”