Mluzi wa Mzee Ndalahwa na Chupa Namba 614

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kulea nzi, Mzee Ndalahwa Mboje, fundi sanifu wa maabara yetu ya jeni hapa Bariadi, anastaafu tarehe 30 Juni. Ndiyo, nzi. Wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Kwao Sapiwi bado wanaamini anachunga ng'ombe wa serikali, naye hajawahi kuwasahihisha.

Kazi yetu ni kuzima jeni moja isiyojulikana kazi yake, kisha kuangalia nzi atashindwa nini. Mzee ndiye aliyewapikia uji wao wa mahindi, hamira na sukari guru. Mgeni mmoja wa heshima aliwahi kuubugia vikombe viwili, akidhani ni chai ya saa nne. Akasifia mpishi.

Kila asubuhi Mzee aliwaamkia nzi kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kabla yetu, halafu akawapigia mluzi wa machungani. Wote walisimama tuli. Alisema ni heshima. Dkt. Felisita, mkuu wetu, akachoka na kelele, akabandika tangazo mlangoni: mluzi marufuku. Halikutaja jina, lakini jamani, tulijuana.

Mwaka jana, mluzi ukiwa bado marufuku, ikaja chupa namba 614, ikamnyima Mzee usingizi. Nzi wa humo walikuwa wamezimiwa jeni, lakini walikula, waliruka na kuzaana vizuri tu. Dkt. Felisita akaamuru wamwagwe Ijumaa, maana rafu imejaa. Mzee akakataa katakata. Alidai hakuna ng'ombe asiye na kazi, ila kuna mwenye ng'ombe asiyeangalia. Alitaka sana astaafu akiwa amegundua kazi ya jeni walau moja.

Alhamisi, mkuu akiwa kwenye chai, uchungu ukamzidi, akapiga mluzi wa kuwaaga. Rafu nzima ikasimama. Wa 614 wakaendelea na matembezi yao. Kwanza alikasirika kwa utovu huo wa adabu. Kisha akatoka mbio, kandambili moja mguuni, akipiga kelele kwamba hawasikii!

Dkt. Felisita alikuja kukemea mluzi, akaishia kuombwa apige yeye. Hajui. Aliirushia chupa mate tu. Tukarudia wengine mara arobaini. Tuliporudisha jeni kwa baadhi yao, kizazi chao kilichofuata kikasimama tena. Ilikuwa jeni ya kusikia. Tangazo alilibandua mkuu mwenyewe.

Mzee wetu, asante sana, na tutakukumbuka mno. Nenda Sapiwi ukapumzike, ng'ombe wako wa kweli wanone, na afya ikujalie pumzi ya kuwapigia mluzi. Tarehe mosi Julai asubuhi maabara itakuwa kimya. Ni wale wa 614 tu ambao hawatajua kwamba umeondoka.