Taa ya Birika na Mzee Aliye Nje ya Minyaa

Mgeni rasmi, karibu Maretadu. Kabla hujakizoea kiti, tunaomba radhi kwa mngurumo unaousikia nyuma ya turubai. Ni lori letu. Limewashwa tangu saa tatu asubuhi ili ulikute limeshapata moto, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kulizima. Ukituona tunageuka geuka kwenye viti, si dharau. Masikio yetu yako kule.

Risala hii ina kurasa tatu. Mbili zilipitishwa na kamati. Wa tatu tutaueleza tukiufikia, Mungu akitujalia tuufikie.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, chama kikuu cha ushirika kilikufa polepole, kama ng'ombe mzee ambaye kila mtu anasema kesho atasimama. Likaja soko huria. Wanunuzi walipanda huku na mizani yao wenyewe, mizani iliyochoka, ambayo haikufika kilo mia hata ukiweka gunia pamoja na mwenye gunia. Ndipo mwaka 1997 tukajichanga, watu sitini na wawili, tukanunua kwenye mnada pale Mbulu lori la chama lililokuwa limeegeshwa kwenye majani. Tangu hapo maharage yetu tunayateremsha wenyewe hadi Nangwa na Katesh, tukapime kwa mizani iliyo macho.

Lori lilikuja na dereva wake, Mzee Nicodemo. Hakuna aliyemwajiri. Asubuhi ya kwanza tulimkuta uani amefungua boneti, anafuta vumbi kwa shati lake, kwa kuwa alikuwa ameliendesha tangu siku lilipotoka kwenye meli. Si mtu wa maneno. Ukimwuliza habari za safari atakujibu habari za injini. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena, akakitazama juani kama daktari anavyotazama ulimi wa mtoto. Sisi tulimcheka. Tulisema mzee anasali.

MAFANIKIO

Tumejenga ghala la bati na kupanda uzio wa minyaa kuuzunguka ua. Mkoa wetu mpya wa Manyara una miaka miwili tu, na tayari ofisi za Babati zinatufahamu. Ndiyo maana umekuja.

Kamati ilitutaka tutaje hapa mafanikio mengine, nasi tunayataja. Oili tunanunua ya kupima, kutoka kwenye mapipa ya sokoni. Mwaka fulani tuliona mchanga ndani yake. Mkutano ukaamua oili yote ichujwe nyumbani kwa Mama Perpetua, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, kwa kuwa ana chujio zuri la nyuzi analochujia pombe ya mtama. Hapa kwetu pombe yenye machicha haiwekwi mbele ya mtu mzima, na tuliona injini nayo ni mtu mzima. Mzee Nicodemo alisema mara moja, kwa sauti ya chini, "Jamani, hiyo acheni." Tukamjibu kwamba anadharau kazi ya akina mama. Akarudi kwenye kijiti chake cha oili.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Julai mwaka jana tulikuwa tumepakia maharage ya msimu mzima, na mnunuzi alikuwa anatungoja Katesh hadi jioni. Tulipofika kwenye geti la ushuru wa mazao, lori likasimama linanguruma taratibu, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye picha ya birika. Ndiyo taa ya oili. Mzee Nicodemo akazima injini papo hapo.

"Birika limewaka," akasema.

Mwenyekiti wetu, Theodory, akateremka. "Mzee, mbona lilikuwa linatembea vizuri tu?"

"Linatembea. Hata mwenye homa anatembea, mpaka pale atakapoanguka."

Akachomoa kijiti mbele yetu. Oili ilikuwa kwenye alama. Theodory akakinyooshea kidole. "Si hiyo hapo? Oili ipo. Sasa shida iko wapi?"

"Hiyo ndiyo shida, mwenyekiti. Ipo, na haifiki inakotakiwa. Siwashi mpaka nijue ni nini kinaizuia."

Hakuwasha. Siku ile mvua isiyo ya msimu ilinyesha mlimani, na maturubai yetu yalikuwa mabovu. Mnunuzi aliondoka. Lori lilivutwa hadi nyumbani siku chache baadaye, na tulipofungua magunia tulikuta maharage yamechipua humo humo ndani. Kuna mama aliyekaa chini akayatazama bila kulia, na hilo lilituuma kuliko kilio. Tulikuwa na hasira, nayo ilitafuta mtu wa kumkalia.

Tukaitisha mkutano. Tukanyoosha mikono, wote, akiwemo msomaji. Mzee Nicodemo akanyang'anywa ufunguo, akakatazwa kukanyaga ua, na tukakubaliana kwamba asisalimiwe wala kusemeshwa na mwanachama yeyote mpaka mikono inyooshwe tena. Mgeni rasmi, pengine huko utokako hili ni dogo. Hapa mzee anayepitwa njiani bila shikamoo ni mzee aliyezikwa mzima. Tumempita hivyo miezi tisa. Watoto wetu wanainamisha vichwa wakikutana naye, maana hawajui waweke wapi adabu tuliyowafundisha.

Ufunguo tukampa Severine, mpwa wa mwenyekiti, aliyewahi kuendesha basi. Severine ni mwepesi. Aliingiza mkono upande wa injini, akavuta waya mmoja kwenye swichi ya oili, na birika likazimika. Tukampigia makofi. Tunarudia, mgeni rasmi, ili iingie kwenye kumbukumbu zako: taa ilituambia tunaumwa, sisi tukaikata ulimi, halafu tukapiga makofi.

Safari kumi na moja zilikwenda vizuri, na kila safari tulimsema mzee upya. Ya kumi na mbili, tukipanda mlima kurudi, injini ilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ikafa. Lori likarudi nyuma hadi likaegemea ukingo wa barabara. Mama Perpetua aliruka kutoka juu ya magunia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulidhani ni maneno tu. Fimbo unayoiona imeegemea meza hii ni ya kwake.

Tulilivuta hadi uani, tukamleta fundi Abel kutoka Mbulu mjini. Abel aliiwasha kidogo, akasikiliza kule kugonga, akasema tutafute injini nyingine. Tulikuwa tumesimama uani kama wafiwa, ndipo tukasikia sauti nje ya minyaa. Alikuwa Mzee Nicodemo, amesimama na punda wake wa kubebea maji. Hakutusemesha, maana tulikuwa tumekatazana kumjibu. Alimsemesha punda.

"Punda wangu," alisema, "ningekuwa mimi, kabla ya kutafuta injini nyingine ningerudisha kwanza ule waya."

Abel alitutazama. Sisi tukatazama chini. Akarudisha waya, akawasha, birika likawaka.

"Sasa taa nayo inaweza kusema uongo," mzee akamwambia punda. "Swichi huharibika. Ningeitoa, nikafunga geji ya kupimia msukumo wa oili pale pale ilipokuwa. Geji haina uso wa kumwonea haya mtu. Dakika tano tu, isigonge sana."

Abel alikuwa na geji kwenye sanduku lake. Injini ikiwa baridi mshale ulipanda kidogo. Ilipopata moto ukashuka, ukalala kabisa.

"Basi taa ilisema kweli," alisema mzee, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Ningezima. Ningeshusha sampo nikatazama mdomo wa pampu, pale inaponyonyea oili. Halafu ningetazama beringi, ingawa hizo nazijua zimekwisha."

Abel akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Pampu ya oili ina kichujio chake kidogo cha waya, na kichujio kile kilikuwa kimezibwa na kitu kama ugali mweusi. Abel alikikwangua kwa bisibisi akakiweka kwenye gazeti. Wanaume waliguna, kila mmoja na lake. Mama Perpetua alisogea na fimbo yake, akachukua kidogo, akakisugua kwenye vidole. Zilikuwa nyuzi za chujio lake na pumba za mtama. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Safari baada ya safari tulikuwa tumeinywesha injini machicha, kwa mikono safi na nia njema, halafu tukamfukuza mtu pekee aliyeshtuka.

Mzee alikuwa bado nje ya minyaa. Alikuwa amesikia. Angeweza kutucheka, nasi tungestahili. Alimpiga punda kofi jepesi shingoni, akasema, "Twende," wakaenda.

Mkewe, Mama Evaline, bado anakuja kwenye vikao, kwa sababu siku ile hakuna aliyekumbuka kumtenga. Ametueleza kwamba jioni hiyo mzee hakula. Alisema, "Mimi nilinyamaza. Siku ya ile oili nilisema mara moja, ningesema mara mbili." Anasema kila gari likipita barabarani mzee husimama, hulisikiliza mpaka lipotee, ndipo hukaa. Anasema mumewe haumwi na kufukuzwa. Anaumwa na kusikia lori likiendeshwa vibaya na kukosa mtu wa kumwambia, isipokuwa punda.

Beringi mpya zimefungwa, krenki imechongwa Arusha, chujio la pombe limerudi kwenye pombe; mkutano wa kumrudisha mzee ndio haujaitishwa. Ukurasa wa pili unaishia hapa, na unaishia kwa kusema kuwa lori liliharibika "kutokana na uchakavu." Ndivyo kamati ilivyoandika. Umesikia mwenyewe tulivyoandika upya tukiwa tunasoma.

UKURASA WA TATU

Mgeni rasmi, ukurasa huu tumeuandika leo asubuhi nyuma ya ghala, wanachama arobaini na mmoja, wakati mwenyekiti amekwenda kukupokea barabarani. Theodory anausikia kwa mara ya kwanza pamoja nawe. Tunamwomba, kwa heshima zote, asisimame.

Ratiba yako inasema kwamba baada ya risala utakata utepe, utapanda mbele karibu na Severine, na lori litakupeleka Nangwa likiwa na magunia na akina mama juu yake. Saa nne asubuhi, injini ilipopata moto, birika liliwaka. Liliwaka, likazimika, likawaka. Mama Perpetua aliliona, kwa kuwa alikuwa amekaa mbele akifunga utepe. Severine alisema leo ni siku ya wageni, tusitiane aibu. Akaingiza mkono upande wa injini. Birika halijawaka tena.

Labda ni swichi tu. Labda si swichi. Abel amesharudi Mbulu na geji yake. Sisi tunachojua ni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba safari hii anayepandishwa kwenye maradhi yetu ni wewe.

Anayeweza kujua yuko nje ya uzio. Yuko pale tangu lori lilipowashwa, na punda wake hana mzigo wowote. Wakati tunaandika tulimsikia akisema, "Punda wangu, mimi ningezima." Amesema mara mbili.

MAOMBI

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maombi mengi: barabara, mikopo, mbegu, maturubai. Tunayaondoa yote, tutayaleta siku nyingine kwa barua.

Leo tuliandika ombi moja. Tulitaka uondoke kwenye kiti chako, utembee hadi kwenye minyaa, umpe mzee mkono na kumwamkia, kwa kuwa wewe hukunyoosha mkono ule na hakuna mkutano unaoweza kukukataza. Baada yako na sisi tungepata njia. Tuliandika hivyo, tukafuta. Tukaandika tena, tukafuta. Si kazi ya mgeni kutusalimia mzee wetu.

Kwa hiyo tunakuomba ukae, unywe chai, na uvumilie ukichelewa. Severine, mwanetu, hatukugombezi. Zima injini.

Wanachama wenzetu, anayekubali mzee arudi anyooshe mkono. Anyooshe sasa, mbele ya mgeni, ili kesho asiwepo wa kusema hakuwepo.

Mungu wa milima hii na wa mbuga za Hanang akujalie, mgeni rasmi, safari njema siku utakayosafiri. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na masikio ya kuwasikia wakiusema mara ya kwanza. Wazee watamke baraka, nasi wote tuitikie.

Ni sisi, wanachama wa Kikundi cha Lori la Wakulima, Maretadu.

Mzee Nicodemo, uliye nje ya minyaa: shikamoo. Ingia, baba. Ingia hata na punda.