Sinia Moja la Mahabusu

Leo, tarehe 30 Juni 1956, Mzee Anania anaivua sare ya mlinzi wa mahabusu wa boma la Njombe, baada ya kuivaa kwa miaka ishirini na saba. Boma litabaki palepale, lakini sisi makarani hatuna hakika kama litaamka kwa wakati.

Mwenyeji huyu wa Kichiwa alianza kwa kupasua kuni za jikoni. Vifungo vya koti lake viling'aa hata wenzake wakavitumia kama vioo vya kunyolea ndevu. Akikohoa barazani, hata sisi tusio na kesi tulikaa wima.

Jambo moja lilituudhi. Serikali ilitoa bakuli kwa kila mahabusu. Yeye aliyaacha mabakuli hayo stoo, akawapakulia wote ugali kwenye sinia moja, mkubwa wao kwa umri akinawa na kumega kwanza. Alisema asiyehukumiwa bado ni mtoto wa watu, na ale kama alivyolelewa. Tukamwita mkaidi.

Mwaka 1951 watu wanane walishtakiwa kwa genge la kupora malori ya wafanyabiashara katika barabara ya Makambako. Wote waliapa kwamba hawakujuana kabla ya kukamatwa. Saba walikutwa na vitambaa vya wizi. Wa nane, Tarsis, mkulima wa Matembwe mwenye mvi kichwa kizima, alikamatwa kwa kuwa alilala nao nyumba moja ya wageni. Kwa sababu ya umri wake, mwendesha mashtaka akamtaja kuwa ndiye mkuu wao. Kifungo cha mkuu wa genge, mzee yule asingekimaliza akiwa hai.

Anania akaomba kusema mahakamani. Jamaa za washtakiwa walijaa nje, na nyumba yake waliijua. Hata hivyo alisimama, akamwamkia Jaji kwa "Kamwene" ya nyumbani, kisha akasema:

"Bwana Jaji, mzee huyu humega kwanza, kama inavyopasa. Lakini wale wengine hawamfuati. Wananawa, halafu wanamngoja Alois."

Alois alikuwa mdogo kuliko wote, mpole, hata tulimhurumia.

Mchana ule Jaji na wazee wa baraza walisimama nyuma ya dirisha la masijala, nami nikiwa pembeni. Tarsis alinawa, akamega, akala. Alois alikuwa akikunja mikono ya shati lake, bila haraka. Ugali ukaanza kupoa na wale sita hawakuugusa, licha ya njaa yao yote ile. Alois alipomega, mikono yote ikashuka kwa pamoja. Nywele zilinisimama, na mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hofu. Tulikuwa tumelitazama lile genge kwa wiki nzima, na hatukuliona.

Saba walifungwa. Tarsis alirudi Matembwe kuwahi mavuno yake.

Leo Tarsis amekuja na gunia la mahindi. Chakula kimeandaliwa, kwenye sinia, bila shaka. Yeye ndiye mkubwa wetu sote, na maji ya kunawa yangeanzia kwake, lakini ameyakataa.

"Mimi nilitangulia tukiwa ndani," amesema. "Leo atangulie Anania."

Basi, Mzee Anania, asante kwa ukaidi wako. Mungu akupe uzee wenye afya na maisha mema huko Kichiwa. Sasa mega, mzee wetu. Sote tumekwisha kunawa, tunakungoja wewe.