Wasifu wa Dada Yetu, Fundi wa Meno Yasiyovunjika

“Hivi dada yako si ndiye yule wa meno ya kuvunjika?” Jirani aliniuliza hivyo bombani, ndoo yake ikiwa bado inajaa. Sikumjibu siku ile, niliogopa mdomo wangu. Leo namjibu mbele yenu, na Mungu anajua sijaongeza chumvi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na kituo cha reli, kisha sekondari ya wasichana. Mwaka 1984 alihitimu chuo, akawa fundi wa maabara ya meno. Hatukushangaa. Utotoni mama alikuwa akinunua mche wa sabuni ya kufulia, akigeuka anakuta umeshachongwa taya.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Alipoulizwa amempendea nini, alisema, “Meno yake hayana kazi ya kufanya. Huyu hatanisumbua.” Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 yeye na mwenzake, ambaye wengi mnamwita Chapchap, walifungua karakana juu ya duka la dawa. Walitengeneza kofia za meno za zirkonia, ile kauri nyeupe inayovikwa juu ya jino lililoharibika. Kabla ya kuchomwa ni laini kama chaki, na huchongwa kubwa kuliko jino lenyewe kwa sababu motoni hunywea. Ikiiva vizuri unatafunia mifupa miaka na miaka. Sharti lake ni kupoa polepole ndani ya tanuri. Dada alifuma sweta nyingi za wajukuu akisubiri tu mlango wa tanuri ushikike kwa kiganja.

Desemba 2014 alisafiri kumwangalia binti yake aliyejifungua. Aliporudi, alikuta kazi yote imeshapelekwa kwa madaktari.

“Nani alifungua tanuri?” aliuliza.

“Yalikuwa yameshaiva, mama,” Chapchap akajibu. “Watu wanataka meno ya sikukuu. Nimeyapoza kwa feni.”

“Kwa feni? Hii si mikate, baba. Umeyatia nyufa usizoziona.”

“Basi kama hazionekani, tatizo liko wapi?”

Tatizo lilionekana kabla ya Pasaka. Mwalimu wa kwaya alivunjikiwa na jino akila mkate laini. Wengine wakafuata. Dada alimwomba Chapchap waende pamoja kwa madaktari wakaseme ukweli. Yeye akatangulia peke yake, akawaambia, “Mama mikono imechoka, macho hayaoni. Namstahi tu kwa umri.” Wakamwamini. Karakana ikabaki kwa Chapchap, na hakuna nyingine iliyompokea dada. Mikono ile ikamaliza miaka yake ikishona vifungo dukani kwa mumewe.

Nitasema na hili, maana tunazika leo na sitapata siku nyingine. Chapchap mwenyewe ana kofia ya zirkonia kwenye gego la chini, upande wa kulia. Dada ndiye aliyemtengenezea mwaka 2011, bure. Haijapata ufa mpaka leo. Kila neno baya alilomsema dada yetu lilipita pembeni ya jino hilo. Namwombea kwa Mungu aishi miaka mingi, na kila anapokula alisikie liko palepale.

Dada alianza kuugua figo Agosti 2022. Alivumilia bila kunung’unika, akisali asubuhi na jioni. Alifariki tarehe 9 Machi mwaka huu, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na sisi wadogo zake wawili wa kike. Mungu mwenye haki ampe pumziko, na jina lake alirudishe safi kama alivyolipokea.

Kamati imeniarifu kwamba Chapchap yuko hapa, na ameomba dakika chache za kumsifu marehemu. Marehemu aliliona hilo tangu akiwa kitandani. Aliniambia, nami nalisoma kama alivyolisema:

“Akija, mpeni kiti cha mbele. Kipaza sauti msimpe.”