Sanduku la Mkoa wa Ocaña Libaki La Pilita

Mgeni rasmi, Dokta Clemencia Villamizar, Mkuu wa Nyaraka, uliyepanda milima yote hiyo kutoka Cúcuta kuja kulichukua sanduku letu: sisi wakazi wa mtaa wa La Pilita tunakukaribisha kwa mikono miwili. Arepa, mikate yetu ya mahindi, zipo, jibini ipo, achari ya vitunguu ipo. Usiwe na wasiwasi, hatujakasirika. Tumenuna kidogo tu.

HISTORIA
Ocaña ulikuwa mkoa kamili, wenye gavana wake, mhuri wake na maringo yake. Haukudumu, wakubwa wa Bogotá wakaufuta, na leo tuko chini ya Cúcuta. Gavana wa mwisho aliondoka na farasi, vijiko na kasuku wake, sanduku la hati akamwachia dobi wake. Dobi huyo ndiye bibi wa bibi yake Bi Betsabé Sanguino, anayelitunza nyumbani kwake hadi leo.

MAFANIKIO
Kila Jumamosi watu huja kutafuta majina ya babu zao. Mwaka jana Mzee Abdón Páez, aliyekuwa akijitapa kuwa ni wa ukoo wa kanali, alikuta babu yake alifungwa kwa wizi wa punda. Tangu hapo amekuwa mtu wa watu.

CHANGAMOTO
Paa linavuja, hatufichi. Vigae tumeomba mara mbili, na kosa ni letu. Kwenye fomu, palipoandikwa "mkoa", wote mia mbili tulijaza Ocaña. Fomu zikarudishwa. Tukajaza upya, tukakosea vilevile. Mkono umeshazoea.

MAOMBI
Tupatie vigae, sanduku utuachie. Jana Bi Betsabé alituambia, "Jamani, huko mjini litakaa pakavu, sikatai. Lakini nani kule anamjua Abdón?" Inatuuma, mgeni rasmi. Mkoa ulishakwenda, karatasi hizi ndizo tulizobaki nazo.

Ukishikilia kulichukua, hatutakuzuia. Ila ipo desturi hapa, tangu wakili mmoja alipoazima hati akairudisha bila ukurasa wa mwisho: karatasi haitoki humu mpaka anayeichukua aisome kwa sauti pale mlangoni, mwanzo hadi mwisho, majirani wakisikiliza. Kurasa ni elfu nne mia moja na kumi na mbili. Kiti tumekuwekea, maji yako mezani, na sisi tumeshakaa.

Bikira wa Torcoroma, mlinzi wa mji wetu, akujalie afya, na koo lisikukauke.

Ni sisi,
Wakazi wa mtaa wa La Pilita, Ocaña
Imesomwa kwa niaba yao na Eliécer Claro, kinyozi