Yaya Numbi Hakukula Goti Yangu

Bwana asifiwe, na mwenye kununa anune!

Ndugu zangu ba kikundi ya sala, minyi njo Kabange, ule muzee mwenye mashini ya kusaga mihogo karibu na soko. Masomo sina. Kusoma nilijifunza ndani ya Biblia, kidole chini ya neno. Lakini nyumba yangu nilijenga mwenyewe. Udongo ya matofali nilikanyaga na hii miguu, nilichoma, nilipandisha. Mbele ya ile, nilifanya kazi ya reli. Mutu anabeba mbao ya reli kwa bega, jua juu ya kichwa, kapita, musimamizi wetu, anapiga filimbi. Kisha reli, nikasukuma baiskeli na magunia ya makala ya kupikia toka pori mupaka Kamina. Basi musiniambie nani alikula goti yangu. Namujua! Jina yake iko Kazi.

Ile goti ya kuume ilianza kuvimba. Kutoka kwa kitanda asubuhi ilikuwa vita. Kwenda kwa choo, nashika ukuta sawa mwizi. Kwa misa bantu banapiga magoti, minyi nabaki nakaa sawa mupagani. Docteur akapiga radio, ile picha ya mifupa, akaniambia iko arthrose: kile kitu laini kati ya mifupa kimeisha, mufupa inasugua mufupa. Nilielewa mara moja. Minyi mutu wa reli: mahali mawe ya chini imeisha, chuma inakula chuma.

Lakini kwetu, ndugu zangu, ugonjwa haiwezi kukosa mwenyewe. Yaya yangu Numbi, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa amefiwa na bwana yake kule Mulongo, akakuya kukaa kwangu. Goti ikavimba nyuma ya yeye kufika. Basi, imekwisha! Batoto na bashemeki bakakaa, bakakata maneno: ule mama iko mulozi, mchawi, anakula goti ya papa polepole, kisha atapanda kwa moyo. Mutoto yangu wa kwanza, Ilunga, mwenye kuvaa kravati kila siku, njo alisimama: «Papa, tantine Numbi arudi Mulongo. Kama hapana, tutaita mutu wa kumufunua ulozi yake.»

Munajua vile banafunua mutu. Bamama bazee banatupiwa mawe, nyumba inachomwa, banaenda kufa kwa njia. Na bamoja kati yenu mulikuwa pale munaangalia. Musinikazie macho, munajijua!

Nikamujibu: «Ilunga, huyu mama alinibeba kwa mugongo wakati mama yetu alikuwa kwa shamba. Akitoka, natoka naye. Na matofali yangu natoka nayo. Weye utalala ndani ya kravati yako.»

Bakacheka, lakini hawakuacha. Juu ya kunyamazisha ile kelele, nikakubali kwenda kwa munganga wa kuchanja. Akakata goti, akapakaa majivu na pilipili. Ndugu zangu, niliona nyota muchana! Kidonda ikaoza, goti ikabaki vile vile. Na bantu ba nyumba bakasema: munaona? Mulozi iko nguvu.

Njo tukasikia kama kwa sentre moja ya wagonjwa kumefika mashini ya magoti. Ilunga ana pikipiki. Alikataa. Nani alinipeleka? Yaya Numbi! Mwanamuke muzee alinipandisha kwa baiskeli, akasukuma, tukapita avenue yote. Vijana ba pikipiki bakapiga kelele: «Ooo! Mulozi anapeleka nyama yake kwa soko!» Yaya hakugeuka hata. «Iko nyama ya muzee,» akasema, «ngumu. Weye na meno yako ya bonbon ya sukari, utaiweza?» Njia yote ikacheka. Hata minyi nilicheka, goti ikaniuma juu ya kucheka.

Ile mashini iko kisanduku kidogo na pete kubwa ya plastiki. Banaivalisha kwa goti, sawa ile kata bamama banaweka kwa kichwa chini ya ndoo. Courant, umeme ya panneau ya jua, inapita ndani, inafanya nguvu ya sumaku: inapiga, inaacha, inapiga, inaacha. Nikakaza meno, nikangoja kuungua. Hakuna! Hata nzi akitua unamusikia kupita ile. Nikamukasirikia ule binti wa mashini: «Mademoiselle, ongeza! Dawa yenye haiumi iko maji!»

Ule mademoiselle wa kiné, mwenye kunyoosha bantu viungo, hakuniogopa. «Papa Kabange, kama unatafuta kuungua, rudi kwa ule wa pilipili. Hii haiungui. Na sikudanganyi: mufupa haitakuwa mupya. Kwa bamoja uchungu inapunguka, kwa bengine hapana. Na mazoezi utafanya, utake usitake.»

Nilimupenda pale pale. Muuzaji asiyesifu samaki yake, njo wa kununulia.

Tukarudi, tukarudi tena. Yaya anasukuma, minyi navaa pete, nakunja muguu, nanyoosha. Asubuhi moja nikafika kwa choo, nikakumbuka ukuta sikushika. Nikapiga kelele: «Yesu!» Nyumba yote ikakimbia, banafikiri nimeanguka ndani.

Goti bado inalia kra-kra, sifichi. Lakini uchungu imeteremuka, nasimama mbele yenu bila fimbo. Iko mashini? Iko mazoezi? Sijui. Najua tu nani alivituma.

Sasa bamoja banasema kitu yenye kuingia kwa mufupa bila kukata iko ya Shetani. Bengine banakuya polepole: «Papa, shuhudia, lakini mashini usiitaje, sema maombi tu.» Nakataa! Mungu haogopi courant! Aliweka matope kwa macho ya kipofu na hakuomba ruhusa ya mutu. Sitamunyanganya Mungu utukufu yake, na sitamunyanganya ule mademoiselle jasho yake.

Asante Bwana! Uliniokoa na uchungu, na uliniokoa na kumufukuza yaya yangu juu ya mufupa uliozeeka.

Ndugu zangu, Ilunga mupaka leo hamusalimie yaya. Namungojea. Lakini nyinyi je? Muangalie nyuma, karibu na mulango. Yaya Numbi iko peke yake kwa benchi nzima, na hapa mbele munabanana sawa samaki ya kukausha. Munaniuliza kutumainia Mungu inaanza wapi? Inaanza kwa ile benchi. Minyi naenda kukaa pale sasa, na miguu yangu mwenyewe. Mwenye imani anifuate.